Nguzo ya udongo shambani kwenu ni tanuri la chuma, tafadhali msiibomoe

*"Mtaalamu, salaam. Mimi ni mkulima, tuko Nkansi mkoani Rukwa. Mpakani mwa shamba letu kuna kitu kama nguzo nene ya udongo mwekundu, kinanizidi urefu, ndani kitupu, na chini kina matundu kama milango midogo. Tukilima hapo karibu jembe linagonga mawe meusi mazito yanayong'aa, na vipande vya mabomba ya udongo. Hatua kama 30 hivi kutoka hapo kuna duara dogo lenye mawe ya namna hiyohiyo. Wazee wanasema babu zetu walikuwa wanachoma chuma pale. Lakini mwalimu mmoja kaniambia chuma kililetwa na Waarabu na Wajerumani, na kwamba bila mashine hakuna anayeweza kufikia joto la kuyeyusha chuma. Nani mkweli? Hiyo nguzo ina miaka mingapi? Kuna mnunuzi wa vyuma chakavu anayataka yale mawe. Baba naye ameanza kuchukua udongo wake wa kujengea banda la mbuzi. Na vijana wa sekondari ya kata wanauliza kama tunaweza kuliwasha tena tuone linavyofanya kazi."*

Ndugu yangu, wazee wako wamesema kweli. Ulichonacho mpakani ni tanuri la kuchomea chuma, lile ambalo kwa Kifipa huitwa *ilungu*. Lile duara dogo la hatua 30 karibu hakika ni la tanuri la pili, *kintengwe*, na nitakueleza kwa nini yalikwenda mawili. Ila kabla hujasoma zaidi, mwendee baba, umwombe kwa adabu asimamishe kuchukua udongo pale. Udongo mwingine wa kujengea banda haukosekani Nkansi, na mbuzi hawatajua tofauti. Tanuri likishavunjwa, hakuna fundi wa leo atakayelirudisha lilivyokuwa.

Nianze na mwalimu. Hakusema hivyo kwa ubaya, kwani ndivyo wengi tulivyofundishwa. Lakini Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu walikuwa wanafua chuma yapata miaka 2,000 iliyopita, na pengine mapema zaidi, pamoja na ufinyanzi ule wanaakiolojia wanaouita Urewe. Katika nyanda za pwani kusini ya Dar es Salaam, mahali paitwapo Limbo, Profesa Felix Chami na wenzake walikuta marundo ya mavi ya chuma ya karne za kwanza baada ya Kristo. Na Waarabu wenyewe ni mashahidi. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma chao na kukiuza. Mjerumani alipofika Ufipa alikuta matanuri yanawaka. Alicholeta yeye na wafanyabiashara waliofuatana naye ni jembe la kiwandani, nalo ndilo lililoyazima.

Sasa hilo la joto, ambalo ndilo kiini cha swali lako. Mwalimu ana haki nusu. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,538, na tanuri lenu halikufika huko. Ila halikuhitaji kufika. Neno "kuyeyusha chuma" ndilo linalotupoteza, kwa sababu babu zako hawakuyeyusha chuma. Walichoyeyusha ni uchafu wake.

Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikamana na oksijeni, kama kutu iliyokomaa ikawa mwamba, na ndani yake mmechanganyika mchanga na udongo. Mkaa ukiungua mahali ambapo hewa haitoshi, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hiyo ina uchu wa oksijeni. Ikipita kwenye jiwe lenye moto wa nyuzijoto 800 au zaidi, hulinyang'anya oksijeni yake, na chuma hubaki kikiwa kigumu vilevile, punje kwa punje. Wakati huohuo mchanga wa lile jiwe huungana na sehemu ya chuma ambayo haijanyang'anywa, na mchanganyiko huo ndio unaoyeyuka, kwenye nyuzijoto 1,150 hadi 1,200 hivi. Hutiririka kwenda chini kama uji mzito na kuziacha punje za chuma zikishikana kuwa bonge lenye matundumatundu kama sifongo. Ule uji ukipoa ndio mawe yako meusi. Waswahili tangu zamani wameyaita mavi ya chuma, jina lisilo na heshima lakini sahihi kabisa.

Basi kazi ya fundi ilikuwa kushika mizani ngumu: moto mkali wa kutosha kuyeyusha takataka, lakini wenye hewa chache kiasi cha kuacha gesi ile iendelee kuwapo. Hewa ikizidi kuliko mkaa, chuma kilichokwisha kupatikana hurudi kuwa kutu na kutoka na mavi. Hewa ikipungua, moto hupoa, uji huganda njiani na tanuri huziba. Kwa hiyo kulijua tanuri kulikuwa kujua pumzi yake.

Na hapa ndipo Wafipa walipofanya jambo ambalo binafsi naliona kuwa kubwa. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki hewa ilisukumwa kwa mivukuto, yaani viriba vya ngozi ya mbuzi vinavyopelekwa kwa mikono, kimoja kikipanda kingine kikishuka. Ilungu halikuwa na mvukuto. Lilivuta hewa lenyewe kwa sababu ya kimo chake. Hewa yenye joto la nyuzi 1,000 ni nyepesi karibu mara nne kuliko hewa ya nje. Ndani ya nguzo ya mita 3 hewa hiyo hupanda kwa nguvu, na nafasi yake hujazwa na hewa baridi inayoingia chini. Yale matundu uliyoyaona kama milango ndiyo njia zake. Kila tundu lilitiwa mabomba ya udongo (wahunzi wa Kiswahili huita kewa bomba la namna hii la mvukuto), yakazibwa kandokando kwa udongo mbichi, na mlango mmoja mkubwa zaidi uliachwa wa kuingilia wakati wa kupanga na wa kutolea bonge mwishoni.

Kapime mwenyewe. Malungu (ndiyo wingi wa ilungu) mengi yana kimo cha karibu mita 3, chini yamepanuka, juu yamebana kidogo, na matundu hukaribia 10. Tazama pia lilipojengwa: mara nyingi utakuta kichuguu kiko ubavuni. Kichuguu kilitoa udongo, na kiliweza kuwa ngazi ya kupandia kwenda kumimina mkaa na mawe kwa juu. Udongo wa kichuguu ulichaguliwa kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchekecha. Ni laini, hauna kokoto, hushikana, na huvumilia moto bila kupasuka haraka. Chungulia ndani ya ukuta kwa tochi (nyoka pia hupapenda, ingiza kijiti kwanza). Karibu na matundu utaona udongo umegeuka kijivu, na mahali pengine umekuwa kama kioo cha kijani kibichi au cheusi. Hapo ndipo moto ulipokuwa mkali kuliko pengine pote. Ukipanda juu zaidi utakuta udongo ule ule ukiwa mwekundu tu, kama tofali lililoiva.

Moto wa ilungu ulikaa siku kadhaa, mchana na usiku, ukijilea wenyewe wakati watu wakipumzika au wakifanya mengine. Hiyo ndiyo faida yake, maana mvukuto huhitaji watu wa kupokezana saa hadi saa bila kuacha. Hasara yake ni kwamba hula kuni na mkaa mwingi sana, na bonge linalotoka ni chafu, chuma na mavi vikiwa vimekumbatiana. Ndiyo sababu ya lile duara la pili. Bonge lilivunjwavunjwa, vipande vilivyo vizito na vyenye chuma vikachaguliwa, vikapelekwa kwenye *kintengwe*, tanuri fupi lisilofika hata mita 1, ambalo lilipulizwa kwa mvukuto. Hapo vipande vilichomwa tena kwa moto mkali wa muda mfupi, mavi yaliyobaki yakatoka, na chuma kikaungana. Halafu ndipo mhunzi alipokichukua kwenye fuawe na kukipiga nyundo kuwa jembe, shoka au mkuki. Hatua tatu, na mara nyingi mahali patatu tofauti. Mmisionari Wyckaert aliyaandika mengi ya haya mwaka 1914, wakati wajuzi wangali hai.

Ukilielewa hilo, utaona kuwa kilichokuwa kwenu ni kazi ya kijiji kizima, wala si siri ya mtu mmoja mwenye uganga. Ilifanyika kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, nyasi zimekauka na mikono imepumzika. Kuna waliochimba mawe, waliokata miti na kuchoma mkaa, waliobeba maji na udongo, na juu yao fundi mkuu aliyeijua kazi na dawa zake. Dawa hizo zisikufanye ucheke. Tanuri lilihesabiwa kama bi harusi, mafundi walijitenga na wake zao kwa siku za kazi, na dawa zilifukiwa chini ya sakafu ya tanuri. Katika kazi ambayo kosa dogo la hewa huharibu jasho la wiki nzima, miiko iliwaweka watu makini, wametulia na mahali pamoja. Mimi nayahesabu hayo kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Na kuna sababu ya leo ya kuyajua: chini ya duara lenu dogo huenda bado kuna kitu kilichofukiwa. Msichimbe kukitafuta.

Usidhani pia kwamba kila kijiji kilifanya kama Ufipa. Ugweno, kaskazini ya milima ya Upare, ukoo wa Washana walichota mchanga mweusi wa chuma kwenye vijito, wakauchoma katika matanuri madogo ya mivukuto, na chuma chao kiliwafikia Wachaga wa Kilimanjaro. Buhaya walichimba shimo, wakalipaka udongo wa kichuguu, wakalijaza manyasi ya kinamasi yaliyounguzwa, kisha wakainua juu yake mnara mfupi na kuzungushia mabomba na mivukuto. Wazee wa Kihaya walilijenga tena tanuri la aina hiyo mwaka 1976 pamoja na mtafiti Peter Schmidt, nao wakatoa chuma. Utasikia watu wakisema kuwa Wahaya wa kale walifikia nyuzijoto 1,800 kabla ya Ulaya. Lipokee dai hilo kwa tahadhari, wataalamu wenyewe bado wanabishana juu yake. Heshima ya mafundi wale haihitaji kutiwa chumvi.

Umri wa tanuri lenu. Kwa kuwa bado limesimama, si la miaka 2,000. Udongo hauwezi kuvumilia masika 2,000 za Rukwa bila paa. Malungu yaliyosimama kwa kawaida ni ya karne ya 19 au mwanzoni mwa karne ya 20. Watu watakuambia lipimwe kaboni, yaani umri ukadiriwe kwa kaboni iliyobaki ndani ya mkaa, na ni kweli kwamba kipande cha mkaa kilichonaswa ndani ya mavi ya chuma hupimika. Lakini kwa vitu vilivyochomwa kati ya mwaka 1650 na 1950 kipimo hicho hutoa majibu yanayotawanyika juu ya karne mbili au tatu, kwa hiyo hakitakufaa sana. Tena mkaa wa moyo wa mti mkubwa huonyesha umri wa ule moyo, wala si siku ulipochomwa. Kwenu kipimo bora ni masimulizi. Muulize mzee: nani alikuwa fundi wa mwisho, alikuwa baba wa nani, na jembe la dukani lilianza kuonekana wakati wa mtemi gani? Rekodi kwa simu leo. Mzee hangoji mradi upate fedha.

Ila kumbuka kwamba chini ya tanuri changa panaweza kuwa na mabaki ya kazi ya zamani zaidi. Mahali penye mawe mazuri, maji na miti watu hurudia vizazi hata vizazi. Ukiona mavi ya chuma ya sura tofauti, kwa mfano mabonge makubwa yenye umbo la bakuli mahali ambapo hakuna nguzo wala alama yake, yaandike kando.

Kuhusu mnunuzi wa vyuma chakavu: usimuuzie. Mavi ya chuma ni mazito kwa sababu mara nyingi nusu ya uzito wake au zaidi ni oksidi ya chuma, lakini imefungamana na mchanga kama kioo. Haifuliki, na thamani yake kwa kilo ni ndogo mno. Jaribu mwenyewe kwa sumaku ya spika mbovu ya redio. Vipande vingi vitashikwa kwa udhaifu au visishikwe kabisa. Kipande kinachoivuta sumaku kwa nguvu na chenye kutu ya kahawia nje kina chuma halisi ndani, na hicho ndicho cha kuhifadhi kikavu, kwenye bahasha ya karatasi, pamoja na maandishi ya mahali kilipotoka. Usikioshe. Kipande cha bomba kilicho cha maana ni kile chenye ncha iliyoyeyuka, kwa sababu huonyesha bomba liliingia ndani kiasi gani.

Sasa ombi la vijana. Kuliwasha lile tanuri, hapana. Ukuta uliopigwa na mvua kwa miaka mia umejaa maji na nyufa. Ukipashwa moto, maji hugeuka mvuke, ukuta hupasuka, na tani za udongo humwangukia aliye karibu. Lakini jengeni dogo jipya, hilo linawezekana. Kwa ukubwa wa shule: mnara wa kimo cha sentimita 80 hadi 100, upana wa ndani sentimita 25 hadi 30, ukuta mnene sentimita 12 au zaidi, wa udongo wa kichuguu uliokandwa na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa. Uacheni ukauke kivulini wiki 2, kisha uwasheni kuni ndogondogo siku nzima ili ukauke kabisa. Tundu la bomba liwe sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu, bomba likiinama kidogo kuelekea ndani.

Mawe ya chuma yachomeni kwanza kwenye moto wa kuni mpaka yabadilike kuwa mekundu au zambarau, halafu yapondeni yawe kama punje za mahindi. Mkaa uwe wa mti mgumu, vipande vya sentimita 3 hivi, vumbi limechekechwa. Jazeni mkaa mpaka juu, pulizeni kwa mvukuto muda wa saa moja, kisha anzeni kutia kilo 1 ya mkaa na nusu kilo ya mawe. Ukishuka mnaongeza, na mkiona unakwenda vizuri mnapandisha mawe polepole mpaka yalingane na mkaa. Wekeni akiba ya mkaa kilo 50 na mawe kilo 15. Mkipata bonge la kilo 2 mtakuwa mmefaulu sana. Jaribio la kwanza mara nyingi hutoa mavi matupu, kwa kuwa mawe yametiwa upesi kuliko moto unavyoweza kuyamaliza. Bomba likiziba, lizibueni kwa nondo ndefu kabla halijapoa. Na bonge likipasuka kama chungu mnapolipiga nyundo, basi limekunywa kaboni kupita kiasi: punguzeni mkaa kwa kila kipimo cha mawe.

Haya yote yafanyike nje, mbali na nyasi kavu, na mtu asiinamie juu ya mdomo wa tanuri, kwa sababu ile gesi haina harufu. Viatu vya ngozi, siyo kandambili. Nguo za pamba, siyo nailoni. Maji yasimwagike kamwe karibu na mavi yanayotiririka. Mhunzi wa kijijini anayeujua mvukuto na rangi za moto awepo tangu asubuhi, na asipopatikana, ahirisheni. Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma peke yake.

Na tanuri la zamani mlilinde hivi. Jembe na plau visipite ndani ya mita 5. Mizizi iliyokwisha kuingia ukutani msiing'oe, kateni shina tu juu ya ardhi, likauke lenyewe. Chimbeni mfereji wa kina kifupi mita 3 upande wa mwinuko ili maji ya mvua yapite kando, na mkikuta mavi ya chuma mahali pa mfereji, sogeeni mbali zaidi. Msilipake saruji kwa nia njema, maana saruji hufungia unyevu ndani na udongo hubomoka nyuma yake. Mbuzi wasilale humo.

Kisha piga picha pande zote nne, kijiti cha mita 1 kikiwa kimesimama kando, hesabu matundu, chora ramani ya mkono yenye hatua kutoka tanuri hadi duara dogo, na uandike alama za mahali kutoka kwenye simu. Peleka nakala kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa utamaduni wa wilaya, ukiomba zifikishwe Idara ya Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba mabaki ya kale bila kibali, hata akiwa shambani kwake, kwa hiyo barua yako inawalinda ninyi pia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wanaakiolojia wanaofundisha na kutafiti mambo haya, waandikie na wao. Wakija, waonyeshe kwanza pale baba alipobomoa. Ukuta uliokatika huonyesha unene wake na matabaka ya udongo, jambo ambalo wao wasingethubutu kulikata wenyewe.